Wanawake wa Supu

Mwizi harudishi skrubu. Abigail Aketch alikuwa juu ya ngazi ndani ya Tradesmen's Hall, ukumbi wa zamani wa mtaa wa Guildford, Sydney, barakoa ikimbana pua, akimulika kwa simu mahali ambapo picha ilipaswa kuwa. Ukuta ulikuwa na matundu manne, na kila tundu lilikuwa na skrubu yake, imerudishwa na kukazwa vizuri. Aliyeitoa picha alikuwa na bisibisi na nafasi ya kutosha, na kwa kila dalili alitaka kuirudisha.

"Umeona nini huko juu?" Colin Haddow aliuliza kutoka chini, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia ukumbi, mzee mwembamba mwenye adabu tele na subira haba. Tangu Abigail afike alikuwa amepaka kitakasa mikono mara tatu bila kugusa chochote.

"Skrubu," Abigail alijibu.

"Skrubu zipo. Picha ndiyo haipo."

Abigail aliendelea kumulika. Miaka aliyokuwa polisi wa upelelezi Kisumu, kabla hajahamia Sydney na kuajiriwa na kampuni ya bima, ilimfundisha kuwaacha watu wazungumze na ukimya wao. Alipitisha kiganja ukutani. Plasta ilikuwa imevimba, na alipoibonyeza kidogo ilimwagika kama unga.

"Mvua iliingia hapa?"

"Sijui. Ofisi yetu ilifungwa tangu Juni. Sote tulikuwa nyumbani kwa sababu ya lockdown."

"Aliyekuwa hapa ni nani?"

"Mushagalusa, mtunzaji," alisema Haddow, kisha akatazama viatu vyake. "Marehemu Mushagalusa."

Abigail aliteremka. Picha zilizobaki ziliuzunguka ukumbi, kubwa kama milango, zimechorwa juu ya mbao nyembamba. Zilikuwa za miaka ya thelathini, kazi zilipoadimika Australia nzima na serikali ikawalipa wachoraji waliokosa ajira ili wawachore watu wa mtaa huu: wafyatua matofali, wachimba mfereji, foleni ya mgao wa chakula. Iliyopotea ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ilionyesha wanawake wakigawa supu kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, wakimtazama kila aingiaye ukumbini, kama wanaomuuliza bakuli lake liko wapi.

"Kamati inakaa hapa Jumamosi asubuhi," alisema Haddow. "Kama picha haijapatikana, tutapiga kura ya kuzihamisha zilizobaki. Zitakwenda ghala moja Wetherill Park. Kule kuna kufuli, na hewa yake ni kavu."

"Na watu wataziona vipi?"

"Wataomba miadi."

"Bwana Haddow, wewe umewahi kuomba miadi ukaangalie picha ghalani?"

Mzee alipaka kitakasa mikono mara ya nne. "Mushagalusa alimfungulia mlango kila aliyepita, kila Jumamosi. Watoto, wapita njia, watu waliotoka kununua kuku. Nilimwonya. Sasa umeona matokeo yake."

Hapo Abigail alimchukia kidogo, akaandika moyoni kwamba kumchukia mtu si ushahidi.

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na vyumba viwili vya mtunzaji. Bibiane, mjane wa Mushagalusa na Mkongomani mwenzake, alifungua mlango akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Wote wawili walikuwa wameugua Covid mwezi wa Agosti. Bibiane alitangulia kulazwa hospitali ya Westmead, mumewe akafuata. Aliyerudi ni mmoja.

"Pole sana, mama," alisema Abigail kwa Kiswahili.

"Asante, mama. Karibu. Ila kiti hakuna."

Kweli hakikuwapo. Chumba kilikuwa na godoro sakafuni, mkeka, na birika juu ya dirisha. Kwenye zulia zilibaki alama za miguu ya kabati, na za meza, na za kochi. Abigail alizitazama akili ikichemka. Nyumba inayomalizwa hivi ni nyumba inayouzwa kipande kipande. Na anayeuza kochi lake, siku moja anatazama picha ya ukumbi na kujiuliza nayo itauzika vipi.

"Vitu vyako viko wapi, mama Bibiane?"

"Biko tu."

"Mliviuza?"

Bibiane alimtazama kama aliyetukanwa na mgeni asiyejua lugha. "Hapana."

"Nani alikuja hapa baada ya msiba?"

"Hakuna mutu. Ilikuwa imekatazwa. Polisi na basoda ya jeshi walikuwa nabisha ku milango."

"Ulitoka hospitali lini?"

"Kiisha yeye kufa. Walinileta hapa na taxi."

"Basi godoro hili alilitandika nani?"

Bibiane alikunja mikono mapajani. Uongo wake ulikuwa mdogo na ulimtia haya mwenyewe, na Abigail, aliyekuwa ameshaushika ule uzi, aliona afadhali asiuvute mbele ya godoro la msiba. Alifungua mlango aondoke, Bibiane akamsimamisha.

"Mama, nakuomba. Wanasema ile mlango yake njo ilileta mwizi. Bon. Hapa Australia alikuwa nafunga maboksi usiku, alikuwa nafagia, lakini kazi yenye alikuwa naita kazi ni kufungulia batu waone picha. Wakifunga ule mlango juu ya jina lake, donc itakuwa kama wamemuzika mara ya pili. Na mara ya kwanza hata haikuwa vizuri. Tulikuwa batu kumi, tumesimama mbali mbali kama hatujuani."

Abigail alisema atafanya kazi yake. Ilimuuma kwamba hakuwa na cha kumpa zaidi ya hicho.

*

Mwenye duka la kuku wa mkaa ng'ambo ya barabara alikuwa na kamera, na kwa kawaida kamera hiyo hujifuta. Lakini kipande kimoja cha Agosti alikitunza makusudi, kwa sababu gari fulani jeupe lilimzibia njia ya pikipiki zake za kupeleka chakula naye bado alikuwa hajapata wa kumlalamikia. Alimlalamikia Abigail kwa kirefu. Abigail akavumilia, akaonyeshwa.

Jioni, mtaa mtupu. Gari jeupe la mizigo limerudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma wa ukumbi. Wanawake wenye barakoa wanatoka na kuingia haraka, vichwa chini. Kabati, kochi, meza. Kisha wawili wanatoka na kitu kipana na bapa, kirefu kuliko wao, kimefungwa kwenye kitenge cha njano chenye ndege wa buluu. Ubavuni mwa gari lilisomeka jina la ghala jingine la Wetherill Park.

Kesho yake mchana Abigail alimkuta dereva kwenye maegesho ya ghala hilo, akila wali kwenye kopo. Douglas Owuor alikuwa Mkenya mwenzake, na alipoona kitambulisho alishusha kijiko polepole.

"Madam, kama ni ile story ya kafyu, mimi nilifika kwangu mapema."

"Sijasema kafyu. Nani alikutuma Guildford, Agosti?"

"Mama Déborah. Tunaimba naye church. Alinipigia akasema wanataka kusongesha vitu kidogo. Nikaomba supervisor gari, nikaenda."

"Kuvipeleka wapi?"

"Kwa wasee wa church tu, nyumba tofauti tofauti, zote hapo Guildford. Hatukuvuka five kays, zile kilomita tano za lockdown, madam, naapa. Nilicheki kwa simu."

"Nyumba tofauti. Hukuona ajabu?"

"Niliona. Lakini wale mama wa Congo ukiwauliza sana wanakupea sambusa unyamaze. Nilinyamaza."

"Kile cha bapa, cha kitenge cha njano, kilikwenda kwa nani?"

"Kwa Déborah mwenyewe. Walisema nisikanyage breki vibaya, ni kioo."

Abigail alipata joto la zamani, lile la kesi inayoanza kujifunga yenyewe. Mtunzaji anaondoa picha taratibu, anakufa kabla ya kuiuza, na wanawake wa kanisa wanaihamisha kwa jina la kioo, mali ikigawanywa mitaani ili isionekane. Ilikuwa hadithi safi. Skrubu tu ndizo zilizogoma kuingia ndani yake, naye akaamua kuzishughulikia baadaye. Huo ulikuwa uvivu, na aliujua.

*

Déborah alimfungulia akiwa tayari kwa kazi, sare ya nyumba ya wazee, kibandiko cha jina kifuani. Alikuwa mwanamke mpana, wa kusimamia watu. Sebule yake ilikuwa imesongamana kiasi kwamba Abigail alipita ubavu. Makochi yalikuwa mawili, moja likiwa na mito na blanketi la mtoto, lingine limefungwa kwenye kitenge cha njano chenye ndege wa buluu na mafundo pembe zote. Televisheni mbili. Moja ilikuwa ikionyesha habari za chanjo bila sauti, ya pili imefungwa vilevile, sakafuni. Nyuma ya kochi lililofungwa, kitu kirefu na bapa kiliegemea ukuta.

"Una vitu vingi, mama Déborah."

"Mungu ni mwema."

"Hivi vilivyofungwa, unavitumia?"

"Hapana."

"Hata kochi? Na watoto wako wanakaa chini?"

"Watoto wangu wamezoea."

"Unavitafutia mnunuzi?"

Déborah aliweka mkoba wake mezani kwa nguvu. "Kuuza? Weye mama, nani anauzaka bintu ya kilio?"

Déborah alijua kwamba ameshasema. Abigail naye alijua, ila hakujua amesikia nini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kesi hii Jumatatu alivuta kiti akaketi.

"Mimi ni Mjaluo," alisema. "Kwetu mtu akifa tunajaza nyumba. Niambie, kwenu Bukavu, kule Congo, vitu vya nyumba ya msiba vinakwenda wapi?"

Déborah alimpima kwa macho. Kisha alieleza, kwanza kwa shingo upande, halafu kwa kasi ya mtu aliyechoka kubeba peke yake. Kwao, nyumba yenye kilio huondolewa kila kitu. Mfiwa hukaa chini na watu hukaa chini naye, hakuna wa kuwa juu ya kiti wakati mwenzake yuko sakafuni. Majirani wanachukua vitu, kila mmoja chake, wanavifunga. Anayevitunza havitumii wala havifungui. Na havirudi kimoja kimoja. Vinarudi vyote siku moja, siku ya levée de deuil, ndiyo kuondoa matanga, mfiwa anapoinuliwa kutoka chini.

"Na hiyo siku haijafika," alisema Abigail.

"Itafika namna gani? Mara kafyu, mara batu watano, mara usitoke mutaa. Bibiane iko chini tangu Agosti. Tulifunga bintu ya ile nyumba mbele ya yeye kutoka hospitali, asiingie aone kiti ya bwana yake. Tulivunja sheria, ndiyo. Juu ya ile kila mutu alifunga kinywa. Mimi niko na visa ya muda, mama. Amende moja tu, faini ya polisi, na karatasi zangu zitaenda wapi?"

Abigail alisimama, akaenda nyuma ya kochi. "Na hiki?"

"Kioo ya kabati. Kilikuwa nyuma ya kabati, yeye mwenyewe alikuwa amekifunga mu blanketi. Tulikizungushia kitenge tu."

"Yeye mwenyewe."

"Njo. Kilikuwa kimefungwa muzuri. Bwana ile alikuwa nafanya kila kitu muzuri."

Abigail alikunja kidole, akagonga juu ya kitenge. Aligonga juu, akagonga chini. Sauti ilitoka butu na kavu, ya ubao. Aligeuka akagonga kioo cha dirisha la Déborah mara moja. Hakuhitaji kueleza.

Déborah aliketi juu ya kochi lililofungwa, jambo ambalo bila shaka hakuwahi kulifanya tangu Agosti, akainuka mara moja kama aliyeungua. "Mungu wangu. Tumelala na ile picha hapa."

Sasa skrubu ziliingia, kila moja katika tundu lake. Mvua ilipenya paa, Mushagalusa akaona ukuta unavimba, ofisi haipokei simu. Aliishusha picha, akazirudisha skrubu zisipotee, akaihifadhi chumbani kwake nyuma ya kabati hadi ukuta ukauke. Mkewe alikuwa Westmead, hakuona. Siku chache baadaye naye akabebwa, na maneno yake yakaenda naye.

"Nifungulie," alisema Abigail.

"Hapana."

"Mama Déborah."

"Ita polisi. Wao wafungue. Mimi siwezi kufungua kitu ya kilio wakati mwenye kilio iko bado chini, na siwezi kukirudisha peke yake. Itakuwa kumwambia Bibiane ainuke peke yake."

Abigail alikuwa na simu mkononi. Kituo kilikuwa dakika chache tu, na mkuu wake wa kampuni ya bima, Parramatta, angefurahi kufunga faili kabla ya chakula cha jioni. Lakini polisi wangeitoa picha kwenye nyumba ya mwanamke mwenye visa ya muda, na Haddow angepata anachokitaka: picha iliyoibwa, mtunzaji aliyehusika, mlango wa kufunga. Alirudisha simu mfukoni.

"Watu sasa wanaruhusiwa kukusanyika wakichanjwa," alisema. "Kamati inakaa Jumamosi saa nne. Ondoeni matanga Jumamosi, humo humo ukumbini."

"Na ile amende?"

"Mimi nimetumwa kutafuta picha. Ya jioni ya Agosti sikuulizwa, na siku hizi nasahau sana."

Déborah alicheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe. Alitoa simu yake akaanza kupigia watu, akachelewa kazini.

*

Haddow alikuwa amepanga meza ndefu, viti vimeachana, karatasi ya kura mbele ya kila mjumbe. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua kikao Abigail aliposimama na kuomba waahirishe kidogo.

"Picha umeipata?"

"Inakuja."

"Inakuja na nani?"

Jibu lilisikika kabla ya kuonekana. Wanawake walikuja wakiimba kutoka upande wa stesheni, sauti za chini zikiongoza, za juu zikiitikia, na nyuma yao gari la Douglas Owuor likitambaa taa za tahadhari zikiwaka. Mwenye duka la kuku alitoka kutazama nani safari hii anamzibia njia. Kina mama waliingia mmoja mmoja, Déborah akiwa mlangoni akikagua vyeti vya chanjo kwa ukali ambao serikali ingejivunia. Walibeba meza, kabati, kochi, televisheni, masufuria, vyote vimefungwa kwenye vitenge vya njano vilevile. Bibiane alikuwa ameketi sakafuni katikati ya ukumbi, na wenzake waliketi kumzunguka, kwa hiyo wajumbe wa kamati wakajikuta ndio pekee walio juu ya viti. Mjumbe mmoja, mama wa Kilebanoni, alitazama kulia na kushoto, akateremka akakaa chini. Wengine wakafuata. Haddow alikuwa wa mwisho, na magoti yake yalilia.

Déborah alifungua mafundo moja moja, akikitaja kila kitu na aliyekitunza. Kilipofika kile kirefu alimwita Bibiane akifungue mwenyewe. Chini ya kitenge kulikuwa na blanketi, na Bibiane alipoliona alilishika kwa mikono miwili, akalilia kwa sauti, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akalivuta.

Wanawake wa supu walitazama ukumbi wao. Pembe moja ya ubao ilikuwa na alama ya maji. Nyuma, Mushagalusa alikuwa ametandaza magazeti kunyonya unyevu, akayabana kwa utepe, pasipo rangi kuguswa.

Abigail aliwaeleza wajumbe kwa Kiingereza kifupi: ukuta uliovimba, skrubu, magazeti, Westmead. "Hamkuibiwa," alimalizia. "Mlitunziwa. Kama angeiacha ukutani, leo mngekuwa mnajadili ubao uliooza."

Haddow alivua miwani iliyokuwa imejaa ukungu wa barakoa, akaifuta kwa tai. Alikaa akiifuta hata ilipokwisha kutakata. "Nilisema maneno mabaya juu yake," alisema hatimaye. "Niliyasema mara nyingi, kwa watu wengi."

Lakini shughuli ilikuwa haijaisha. Siku ya kuondoa matanga, kwao, kuna swali ambalo lazima liulizwe mbele ya watu wote, na Déborah aliliuliza amesimama, mikono kiunoni.

"Mushagalusa alikuwa na kazi. Kila Jumamosi alikuwa nafungulia batu mlango. Ile kazi ameiacha. Nani anaishika?"

Abigail alimtafsiria Haddow sikioni. Aliona mzee akifungua kinywa, pengine aseme kuhusu kura, kisha akakifunga.

"Mimi," alisema Bibiane kutoka sakafuni.

"Na nani atamsaidia?" Déborah aliuliza, safari hii akimtazama Haddow moja kwa moja. "Weye, baba?"

Hakuhitaji tafsiri. Haddow alitazama wajumbe wenzake, akatazama karatasi za kura juu ya meza iliyoachwa, akainua mkono. Mama wa Kilebanoni akainua wake. Ikawa kura, ingawa si ile iliyoandikwa.

Wanawake wawili walimshika Bibiane makwapani wakamwinua. Alikuwa hajasimama sawasawa, bado akipangusa uso kwa kanga ya Déborah, kivuli kilipoingia mlangoni. Walikuwa mtu na mkewe, na binti yao mdogo kwenye skuta. Bila shaka wimbo ndio uliowavuta. Walisita kizingitini, wakiwaona watu wengi hivyo chini na kochi katikati.

"Sorry," alisema yule mwanamume. "Are you open?"

Kila mtu alimgeukia Haddow, kwa mazoea. Haddow alimgeukia Bibiane.

Bibiane alisogea mlangoni. Kiingereza alikuwa nacho kidogo, na kwa miaka yote alimwachia mumewe akiseme.

"Yes," alisema. "Open. Come."